Dina wa Stesheni na Daftari Lake la Noti

Noti ya kwanza katika daftari la Dina Ntandu ilikuwa hasara.

Ilikuwa mwaka themanini na sita. Treni ya kutoka Kigoma ilikuwa imesimama stesheni ya Manyoni, na Dina, beseni kichwani, alikuwa anapita chini ya madirisha ya mabehewa akiuza kuku wa kukaanga, chapati na mayai ya kuchemsha. Mwanamume mmoja wa daraja la pili alichukua kuku wawili na mayai sita, akampa noti moja iliyokunjwa mara nne. Wakati huohuo filimbi ya gadi ikalia na wateja wa dirisha la pili wakaanza kumwita. Dina akaichomeka noti kwenye kibindo bila kuitazama. Alipofika nyumbani na kuikunjua juu ya mkeka, alikuta chui anamtazama.

Haikuwa shilingi. Asubuhi aliipeleka benki, na karani wa dirishani, msichana aliyeitwa Aneth, akamweleza kwa upole kuwa ile ni hela ya Zaire, kwamba pale Manyoni hakuna mtu wa kuibadilisha, na kwamba hata huko kwao thamani yake ilikuwa inashuka kila kukicha. Kuku wawili na mayai sita vimekwenda. Mumewe Melkiori, ambaye alikuwa mfanyakazi wa genge la kutengeneza reli, alikasirika kwa ajili yake, akaitaka ile karatasi ili aichane wayasahau yale. Dina akamwambia asubiri kidogo.

Alisubiri kwa sababu alikuwa ameona kitu. Dina alizaliwa Puma, katika familia ya Wanyaturu, na tangu akiwa na miaka saba alikaa na mama yake na shangazi zake wakisuka vikapu. Shule aliishia darasa la nne. Lakini jicho lake lilikuwa limezoea kufuata ukindu mweusi unavyoingia chini ya mweupe, unavyopotea na kuibukia upande wa pili. Sasa kwenye ile noti ya hasara, nyuma ya yule chui, aliona mistari myembamba kama nywele iliyopishana na kurudiana mpaka ikawa ua. Akajaribu kuufuata mstari mmoja kwa ncha ya sindano aone unaishia wapi. Hakuona mwisho wake. Siku iliyofuata, baada ya treni ya Dar es Salaam kupita, akajaribu tena.

Ndipo alipotoa noti ya shilingi ishirini mfukoni, akaitazama kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa amezishika noti za namna ile maelfu ya mara. Alijua rangi yake kwa kona ya jicho, na alijua inanunua nini na hainunui nini. Lakini hakuwahi kujua kwamba nayo ina maua yake na mawimbi yake, na kwamba ukiinyanyua kuelekea jua, ndani ya karatasi yenyewe kuna kichwa cha twiga kilichotulia, hakionekani mpaka mwanga ukikute kwa nyuma. Alikaa uani na ile noti mpaka chapati ikaungua. Hakumwambia mtu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Miaka ile ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa vitenge, sabuni na redio, watu walianza kununua na kuuza walichotaka, na hela nazo zikaanza kubadilika upesi kuliko watu walivyozoea. Noti zenye picha ya Mwalimu zilianza kupungua mikononi, zikaingia zenye picha ya Rais mpya. Ikaja mia mbili, baadaye mia tano, baadaye elfu. Noti za kumi na ishirini zikageuka sarafu. Watu wengi waliona mabadiliko hayo kwa kulalamika tu kwamba kilo ya sukari sasa inataka noti kubwa. Dina naye alilalamikia sukari, lakini kabla noti ya zamani haijaondoka mikononi mwa watu, alibakiza moja.

Melkiori hakupenda. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifanya kazi ya kuinua mataruma ya reli juani kutwa nzima, na kwake hela iliyolala ndani ya daftari ilikuwa sawa na mahindi yaliyomwagwa njiani. Waligombana siku aliyogundua kwamba mkewe ameficha noti ya mia wakati mafuta ya taa yamekwisha. Baada ya ugomvi ule wakaafikiana: moja kwa kila aina, basi, na hakuna kuongeza kitu kwenye daftari siku ambayo ndani hakuna unga. Dina alilishika sharti hilo kwa miaka yote iliyofuata. Baadaye alikuja kusema kwamba sharti la mumewe ndilo lililomfanya awe hodari, kwani ukiruhusiwa moja tu, inabidi uchague, na huwezi kuchagua usichokijua.

Makosa aliyafanya. Mwanzoni alizibandika noti kwenye daftari kubwa la mistari kwa gundi ya uji wa ngano. Mende wakaufuata ule uji, wakala kona nzima ya noti nyekundu ya shilingi mia, ya zile za kwanza kabisa baada ya Uhuru, ambayo alikuwa ameipata kwa shida kubwa. Dina alilia kama aliyefiwa. Alizitoa noti zote, akazilowesha kwenye maji safi, akazianika kivulini katikati ya kurasa za gazeti na kuziwekea jiwe la kusagia juu yake. Kisha akanunua daftari jingine lenye karatasi ngumu, akachana kurasa zake kwa wembe mipasuo midogo, minne kwa kila noti, ili kila kona ikae kwenye mfuko wake bila gundi. Ignas, fundi saa aliyekuwa na meza yake karibu na soko, alimpa kioo cha kukuzia kilichokuwa na ufa kidogo. Hakutaka hela, alitaka chapati za wiki mbili.

Kwa kioo hicho Dina aliona jambo lililomkosesha usingizi. Alikuwa na noti mbili za shilingi mia mbili, moja ya daftari na moja ya matumizi, na alizilaza pamoja ili aamue ipi ni safi zaidi. Picha ile ile, rangi ile ile, maua yale yale. Lakini saini hazikufanana. Kwenye kila noti kulikuwa na saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana wa benki, na kwenye moja ya noti zile saini moja ilikuwa na mkia mrefu unaopinda, kwenye nyingine haukuwepo. Akatafakari, kisha akaelewa: watu hubadilika kwenye vyeo, na noti huendelea kuchapwa. Ina maana noti ambazo kila mtu anaziita moja, si moja. Zina umri. Unaweza kuzipanga kama watoto wa nyumba moja, ukajua yupi alitangulia.

Alimwendea Melkiori na zile noti mbili na kumwomba ruhusa. Je, hizi ni aina moja au mbili? Melkiori alizitazama kwa muda mrefu kwa kile kioo cha Ignas. Mwishowe akasema ni mbili, akatoka nje kwenda kuosha miguu.

Tangu hapo Dina alitazama saini, herufi zilizotangulia namba, uzito wa wino na uzi uliopita ndani ya karatasi. Nyuma ya daftari aliandika kwa penseli, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, kila tofauti aliyoiona na tarehe aliyoiona. Aneth wa benki, ambaye mwanzoni alimcheka, aliizoea ile sura ikija dirishani na noti moja chakavu mkononi kuomba abadilishiwe kwa nyingine mpya, tena yenye herufi fulani. Pale ambapo foleni ilikuwa fupi, Aneth alimtafutia. Mzee mmoja wa Kilimatinde alimletea noti ya shilingi tano ya kahawia iliyokutwa kwenye koti la marehemu kaka yake. Dina akampa jogoo. Wafanyakazi wa treni wakamletea za Burundi na Rwanda, na nyingine za Zaire, kila moja ikiwa na sufuri nyingi kuliko iliyotangulia. Wanawake wenzake wa stesheni walimwita Mama Gavana. Walimtania, lakini bila chuki.

Ikaja siku ya Amne.

Ilikuwa mwaka tisini na mbili, mwezi wa saba. Mwaka ule kulikuwa na maneno mengi ya noti za bandia. Wanunuzi wa watu binafsi walikuwa wakipita vijijini na hela mkononi, wakichukua alizeti, asali na nta bila kupitia chama cha ushirika, na wakulima waliozoea kusubiri malipo kwa miezi walifurahi kulipwa papo hapo. Lakini hofu ilikuwepo. Kila mwenye duka alizishika noti kama anashika kaa la moto.

Amne alikuwa mjane wa Itigi, mama wa makamo, mwenye mizinga aliyoachiwa na mumewe. Aliuza madebe yake ya asali kwa mnunuzi mmoja, akalipwa noti arobaini za mia tano, mpya kabisa. Akapanda treni kuja Manyoni kununua mabati, kwa kuwa paa la udongo la nyumba yake ya tembe lilikuwa limevuja misimu miwili. Dukani kwa Laurian, muuza vifaa vya ujenzi, alihesabu noti zake juu ya kaunta. Laurian akachukua moja, akatoa yake kwenye kasha, akazilinganisha. Saini hazikufanana. Tena za yule mama zilikuwa na wino uliofifia kidogo. Laurian hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu. Alimwambia kijana wake afunge mlango, akatuma mtu polisi.

Habari ilifika stesheni kabla treni iliyofuata haijaondoka: kuna mwanamke wa Itigi amekamatwa na furushi la noti za bandia, saini si zenyewe. Dina alikuwa anamrudishia mteja chenji. Aliposikia neno saini, mkono ulisimama hewani.

Alimkabidhi mwenzake beseni lenye kuku watano, akaenda nyumbani kuchukua daftari, akalifunga kwenye khanga. Hakumjua Amne. Alijua kwamba mtu anayeingia kituoni na daftari limejaa noti, wakati watu wanatafuta wachapaji wa noti, anaweza asitoke. Aliwaza kurudi. Alipofika kwenye njia panda ya soko alisimama kabisa, akajifanya anafunga kiatu, kisha akaendelea.

Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa mtu mzima, mtulivu, aliyekuwa anaandika. Amne alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, macho yamemvimba. Dina alimwamkia mkuu, akamwamkia na Amne, akaeleza kwa nini amekuja. Mkuu alisikiliza, kisha akauliza anafanya kazi gani.

"Nauza kuku stesheni, mzee."

"Na noti umejifunzia wapi?"

"Nimezitazama," Dina akasema. "Miaka sita sasa nazitazama."

Askari mmoja akacheka. Mkuu hakucheka. Alisogeza makaratasi yake, akamwonyesha nafasi mezani.

Dina akalifungua daftari. Akamwonyesha ukurasa wa mia tano: tatu zimekaa kwenye mifuko yake, moja chini ya nyingine, kila moja na tarehe ya penseli. Akamwomba mkuu atazame saini za ile ya juu, kisha za ile ya chini. Zilitofautiana, na zote tatu Dina alizipata dirishani benki, kwa mkono wa karani. Akaomba noti moja ya Amne. Akaiweka kando ya ile ya chini. Saini zilikuwa zilezile. Akaeleza kwamba wino nao hubadilika, kwamba noti zinazochapwa leo na zinazochapwa mwakani si lazima zifanane wekundu au weusi kama vile vitenge viwili vya ua moja, cha mwaka huu na cha mwaka jana, visivyofanana, na kwamba asiyejua haya ndiye huona bandia mahali ambapo hapana. Akampa mkuu kioo cha Ignas, akamwambia apitishe ukucha juu ya maandishi asikie yalivyoinuka, kisha ainyanyue noti dirishani amwone twiga.

Mkuu aliinyanyua. "Nimemwona," akasema.

Basi Dina akaanza kuzipitia zote arobaini, moja baada ya nyingine, ukucha, dirisha, kioo. Watu walijazana mlangoni. Amne aliacha kulia na kuanza kuhesabu kimya kimya kwa midomo. Ishirini. Thelathini. Kwenye noti ya thelathini na tatu ukucha wa Dina uliteleza.

Alirudia. Uliteleza tena. Akaiinua dirishani, akaishusha, akaiinua. Twiga alikuwepo, lakini alikuwepo hata bila mwanga, amechorwa juu juu kwa wino wa kijivu. Na uzi haukuwa ndani ya karatasi, ulikuwa mstari wa rangi ya fedha uliopigwa juu yake.

Baadaye, kila alipoieleza siku ile, Dina hakuficha kwamba hapo alijaribiwa. Angeweza kuipitisha. Kila mtu mle ndani alikuwa anamwamini sasa. Akisema ni bandia, yule mjane atakuwa amekutwa kweli na noti ya bandia, na kazi yote ya saa nzima itakuwa imemgeukia yuleyule ambaye Dina alikuja kumwokoa. Alimtazama Amne, na Amne akaelewa, uso ukamsawijika.

"Hii si nzuri," Dina akasema, akaiweka peke yake.

Mkuu akauliza ana uhakika. Akajibu kwamba anao, na akaomba amalizie zilizobaki. Noti ya thelathini na nane nayo ilikuwa mbaya. Dina akazilaza zile mbili pamoja, na hapo akaona kitu kilichomrudishia pumzi: zilikuwa na namba moja. Tarakimu kwa tarakimu, herufi kwa herufi. Akamwonyesha mkuu. Noti halali haziwezi kuwa na namba moja, akasema, na mtu anayezichapa anajua hivyo. Asingezitia mbili pamoja kwenye furushi moja na kwenda nazo dukani mchana kweupe. Aliyezipeleka dukani ni mtu asiyejua.

Mkuu aliandika kwa muda. Hakumwachia Amne siku ile, lakini hakumlaza mahabusu pia. Alimruhusu alale kwa Dina, kwa dhamana ya Melkiori, mtumishi wa reli. Noti zote pamoja na daftari zilipelekwa Singida mjini zikaguliwe benki. Dina alilikabidhi daftari lake kwa mikono miwili. Usiku ule Amne alikaa naye jikoni. Walichambua mchele wa kesho, na Amne akamweleza jinsi nyuki wanavyokataa mzinga uliotundikwa mahali pabaya.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Noti thelathini na nane halali, mbili bandia, zilezile alizozitenga Dina. Mnunuzi wa asali alipatikana Itigi bado ananunua, hakukimbia, na ikaonekana kwamba naye alizipokea mbali, katika malipo ya nta, bila kujua. Amne alirudishiwa hela zake pungufu ya elfu moja. Laurian alimuuzia mabati, na kwa aibu akampunguzia bei kiasi cha ile elfu. Daftari lilikaa Singida miezi mitano kama kielelezo. Lilirudi kamili, limefungwa kwa kamba, na juu ya jalada pamepigwa mhuri na namba. Melkiori ndiye aliyekwenda kulichukua. Alilibeba ndani ya shati.

Jina la Dina likatembea. Msimu wa alizeti uliofuata, mfanyabiashara mmoja mkubwa alimtaka akae kwenye meza yake ya kununulia Iguguno, akague noti, kwa ujira wa mwezi mzuri kuliko mshahara wa mumewe. Alikataa kwa heshima. Alisema akikaa kwenye meza ya mnunuzi atakuwa jicho la mnunuzi, na wanaohitaji jicho ni wale wanaopokea. Badala yake, siku ambazo treni zilichelewa, na zilichelewa mara nyingi, aliwakusanya wauzaji wenzake chini ya paa la stesheni na kuwafundisha: ukucha kwanza, maana ukucha hauhitaji mwanga, kisha jua, kisha namba. Aliwafundisha pia wale akina mama wasiojua kusoma. Aliwaambia macho yao yanatosha, kwa sababu wameshasuka vikapu. Aneth alihudhuria mara mbili, amevaa sare ya benki, akakaa kwenye gunia kama wengine.

Miaka ya tisini ilipofika katikati, upepo wa mageuzi uliowaletea vitenge ukaivamia nyumba yao. Shirika la reli lilipunguza wafanyakazi, na Melkiori alikuwamo. Alipewa kiinua mgongo kidogo, kikaishia kwenye ada ya shule ya mwana wao Sixbert na kwenye mashine ya kukamua alizeti iliyoharibika mwaka wa kwanza. Kisha zikaja mvua za El Nino, mwishoni mwa tisini na saba. Reli ilikatika kwa mafuriko huko mbele ya Dodoma, na treni hazikupita. Kwa wiki nyingi stesheni ilibaki kimya, nyasi zikaota kati ya mataruma. Hakuna treni, hakuna mnunuzi wa kuku. Dina alikuwa na kuku wengi na hakuwa na unga.

Jioni moja alilileta daftari sebuleni. Ndani yake kulikuwa na noti ambazo bado zilikuwa hela: elfu, elfu tano, moja ya elfu kumi aliyoitafuta mwaka mzima. Zote pamoja zingelisha nyumba mwezi mmoja na nusu. Alianza kufungua kona, moja moja, kwa uangalifu uleule aliokuwa ameziingiza nao. Melkiori aliingia kutoka shambani, akasimama mlangoni.

"Unafanya nini, Mama Sixbert?"

"Sharti lako," akasema. "Hakuna unga ndani."

"Nilisema hakuna kuongeza. Sikusema kutoa."

Akaketi. Akachukua ile elfu kumi kutoka mkononi mwake na kujaribu kuirudisha, lakini vidole vyake vya kubebea vyuma vilikuwa vinene mno kwa ile mifuko midogo, ikabidi Dina aimalizie. Kesho yake Melkiori aliuza baiskeli yake, aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza, wakanunua magunia mawili ya mahindi. Kwa miezi iliyofuata alikwenda shambani kwa miguu, kilomita saba, na hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Dina naye hakumshukuru kwa maneno. Alimpikia vizuri.

Reli ilitengenezwa, treni zikarudi, kuku wakauzika tena. Mwaka tisini na tisa maofisa wawili wa benki walikuja kutoka mjini kuwaelimisha wananchi kuhusu alama za noti. Mkutano ulifanyika ukumbi wa mjini, watu wakajaa. Ofisa kijana aliyevaa tai alieleza vizuri kuhusu twiga na uzi na wino ulioinuka. Wanawake wa stesheni, waliokuwa wamekaa safu ya mbele, waliitikia kila alama kabla hajamaliza kuitaja, mpaka akauliza wamefundishwa na nani. Wakamwonyesha.

Dina akasimama. Hakutaka sifa, alikuwa na swali, na alikuwa amelibeba kwa miaka minne. Alieleza kwamba anazo noti mbili za elfu, saini zilezile, herufi zilezile, namba zimepishana kwa mia chache tu, maana yake zimetoka mashineni karibu pamoja. Lakini moja ina wino mzito na mistari minene, nyingine mistari myembamba na safi. Akauliza kwa nini.

Yule ofisa aliomba kuziona. Alizishika dirishani, akamwita mwenzake, wakazitazama pamoja kwa kioo cha Dina, huku ukumbi mzima ukisubiri. Kisha akasema ukweli, na Dina alimheshimu kwa hilo: hajui. Akaandika swali kwenye kijitabu chake pamoja na anwani ya mama huyo.

Watu wengi walidhani limeishia hapo. Lakini baada ya miezi mitatu barua ilifika, kurasa mbili, imepigwa chapa, imeandikwa kwa heshima. Dina aliisoma kwa sauti uani, polepole, Melkiori akimenya mihogo. Barua ilisema kwamba bamba la kuchapia huchoka kadiri linavyotumika, na mistari hunenepa. Huenda noti ile nene ilichapwa bamba likiwa limechoka, na ile nyembamba baada ya kuwekwa bamba jipya. Iliendelea kumshukuru kwa swali zuri.

Alipomaliza, aliikunja barua. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari na kile kioo chenye ufa, akazilaza zile noti mbili za elfu kwenye mwanga na kuzisoma namba upya.

"Kuna nini tena?" Melkiori akauliza.

"Wamejibu vizuri," Dina akasema. "Yenye mistari minene ndiyo yenye namba ndogo, na yenye mistari myembamba ndiyo yenye namba kubwa. Hilo linakubaliana nao. Lakini ninayo ya tatu, namba yake imeitangulia ile nene kwa tatu tu, na ni nyembamba kuliko zote. Bamba halichoki kwa noti tatu. Hiyo hawajaijibu."

Akamwomba mumewe amnyanyulie ile meza ndogo aiweke mahali penye mwanga, akachonga penseli, akaanza kuandika barua ya pili.